Injini ya chombo imechoka: kuitengeneza, kuijenga upya au kuibadilisha

Maamuzi mengi kuhusu injini za vyombo hufanywa pwani, maji yamekupwa na chombo kimelala ubavu, mwenye chombo amesimama katikati ya watu wanne na kila mmoja ana neno lake. Mmoja anasema ringi za pistoni zimekwisha, mwengine anasema nozeli zinazonyunyiza dizeli, na wa tatu ameshashika spana na kuanza kulegeza bolti za silinda hedi. Nimeyaona hayo Mkokotoni, Unguja, na nimeyaona Wete, Pemba, na yaliwahi kunifika mwenyewe. Mashua yangu ya kuvulia ilikuwa na injini ya silinda tatu iliyoanza kutoa moshi mweusi na kushindwa kufika mwendo wake. Nikakubali ifunguliwe yote. Silinda zilikutwa nzima, lakini kwa kuwa injini ilikuwa tayari chini, tulitia ringi mpya na gasketi mpya, tukaifunga na kuirudisha majini, na moshi ukawa ule ule. Mzee mmoja fundi aliyekuja baadaye hakugusa kitu ila kiwiko cha bomba la moshi, pale maji ya chumvi yanapochanganyika na moshi. Alipokitoa, tundu lililopaswa kupitisha yai la kuku lilikuwa halipitishi hata kidole changu cha mwisho, kwa masizi na chumvi vilivyogandana humo kama zege. Akaniambia, "Nahodha, mashine yako haikuwa na maradhi, imezibwa pumzi."

Tangu siku hiyo nashika kanuni moja, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa: injini isifunguliwe mpaka imepimwa, na vipimo visisomwe mpaka ujue chombo hicho kinakwenda bahari gani.

Kuna njia nne, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutengeneza kilichoharibika tu, kama pampu ya maji, nozeli au gasketi. Ya pili ni kushughulikia sehemu ya juu, yaani kutoa silinda hedi, kusaga vali na kubadilisha gasketi bila ya kugusa pistoni. Ya tatu ni ovaholi kamili, ambapo injini inatolewa chomboni, inafunguliwa yote, kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inapimwa, na slivu (koti za chuma za silinda), pistoni, ringi na metali (beringi za kranki na za kondrodi, mikono inayoshika pistoni) zinatiwa mpya. Ya nne ni kuiacha na kutia nyengine.

Anza nje ya injini

Kabla ya kuituhumu injini, kiangalie chombo. Chombo ambacho hakijapandishwa pwani kwa miezi, na chini yake kumeota mwani na kome, kinaibebesha injini mzigo usiokuwa wake, na moshi mweusi ndio malalamiko yake. Subiri bamvua, kipweleze chombo, kikwangue, kisugue propela mpaka ing'are, kisha urudi majini na ufungue mafuta yote. Injini ikifika mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati chake, umemaliza kazi kwa gharama ya msasa na jasho. Isipofika, tazama kama propela iliwahi kubadilishwa kwa kubwa zaidi, jambo linalofanyika sana na ambalo huimaliza injini polepole.

Baada ya hapo fuata pumzi na mafuta. Toa chujio la hewa. Fungua kiwiko cha moshi ukitazame ndani kwa tochi. Toa maji chini ya chujio la dizeli na uyamimine kwenye chupa safi ya kioo uyaone, kwa sababu dizeli yetu husafiri kwa madumu, hukaa kwenye tenki nusu tupu, na unyevu wa hewa ya pwani hugeuka matone ndani ya tenki usiku. Maji hayo hula pampu na nozeli, na huotesha ute mweusi unaoziba machujio. Nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu aliye na mashine ya kuzipimia. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza hutoa moshi, hugonga kama metali iliyokwisha, na ikiachwa inaweza kutoboa kichwa cha pistoni.

Upande wa kupoza, angalia impela ya mpira ndani ya pampu ya maji ya chumvi, zinki (vipande vinavyoliwa na kutu badala ya injini) kama zimebakia, na njia za kipozeo kama zimeziba. Injini inayopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari hufanywa itembee kwenye kiasi cha nyuzi 55 hadi 60, kwa kuwa maji ya chumvi yakipata joto zaidi ya hapo huanza kuacha magamba kwenye kuta. Injini yenye maji baridi ya ndani na kipozeo hutembea kwenye nyuzi 80 hivi. Ukiona mtu ameondoa thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji, "ili injini ipoe", jua kuwa ameiondolea injini joto inalolihitaji kuchoma mafuta vizuri, na pengine ndiye aliyeleta moshi mweupe unaokusumbua.

Ni kwa uzoefu wangu kwamba sehemu kubwa ya injini zinazohukumiwa ovaholi hupona hapa.

Sasa pima injini yenyewe

Ikiwa nje kote kumekuwa safi na tatizo lipo, ingia ndani kwa vipimo ambavyo havihitaji kufungua.

Mwanzo ni namna inavyowaka asubuhi. Katika nchi za baridi, injini nzima inaweza kugoma kwa sababu ya hali ya hewa. Kwetu, ambako hata alfajiri ya kipupwe joto halishuki sana chini ya nyuzi 20, hali ya hewa huisaidia injini na kuuficha udhaifu wake. Kwa hiyo injini inayohitaji kuzungushwa muda mrefu au kupuliziwa dawa ya kuwashia hapa Pemba imechoka kweli, maana kompresheni yake, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, imeshuka kiasi kwamba hata joto letu halitoshi kuifunika. Kwa injini za hendeli, mkono wako ndio kipimo: zungusha polepole bila ya kufungua vali za kupumulia, na kila silinda inapaswa kukurudisha nyuma kwa nguvu. Ile inayopita laini ndiyo mgonjwa.

Kisha moshi, injini ikiwa imeshapata moto na ina mzigo. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na mara nyingi sababu yake iko nje kama nilivyoeleza. Wa buluu ni oili inayoungua, ikipitia kwenye ringi au kwenye vali. Mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda, na ukiambatana na maji yanayopungua au mapovu kwenye tenki la maji baridi, gasketi ya hedi imepasuka au hedi yenyewe ina ufa.

Fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inatembea, na uweke kiganja juu ya tundu. Pumzi kidogo ni ya kawaida. Ikiwa inapuliza kama mvuke wa birika na kiganja kinalowa oili, gesi zinapita kando ya pistoni na ringi au silinda zimekwisha. Mafundi husema injini inapumua, na neno hilo linaeleza vizuri.

Pima kompresheni kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai, kwa sababu silinda ya dizeli iliyo nzima hutoa kiasi cha baa 20 hadi 35 na geji ndogo itavunjika. Injini iwe na moto na betri iwe imejaa. Usihangaike sana na namba moja peke yake, bali linganisha silinda kwa silinda. Zote zikiwa zimeshuka pamoja, injini imechakaa sawasawa. Moja ikiwa imeachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna kasoro ya mahali pamoja, na pengine ni vali tu. Ili kujua, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda hiyo na upime tena: ikipanda, ringi ndizo zinazovuja, na isipopanda, tazama vali na gasketi. Nasema kijiko kimoja kwa makusudi, kwa sababu oili haibanwi kama hewa, na ikizidi ndani ya silinda ya dizeli inaweza kupinda kondrodi.

Presha ya oili isomwe injini ikiwa moto, kwa geji ya kufunga kwa mkono, kwa kuwa geji za dashibodi zilizokaa kwenye chumvi huongopa. Kwa injini nyingi ndogo, kiasi cha pauni 10 kwa inchi ya mraba (psi) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika kinaridhisha, ingawa kitabu cha injini yako ndicho hakimu. Presha iliyoanguka pamoja na mlio mzito wa chini ni habari mbaya. Shika bisibisi ndefu, ncha kwenye ukuta wa injini na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, usikilize kila silinda, kisha mwambie fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja moja. Mlio ukififia silinda fulani inapokatiwa mafuta, metali ya kondrodi hiyo imekwisha. Vaa glavu na kaa mbali na bomba linalolegezwa, kwani dizeli inayotoka kwa presha hiyo inaweza kupenya kwenye ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo kama tundu la sindano.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni chujio la oili. Ukishalitoa, lifungue kwa mkasi wa bati au kisu cha makopo, usitumie msumeno wa chuma maana vumbi lake litakudanganya. Kata karatasi ya ndani, ikunjue juu ya kipande cha ubao, iache juani ichuruzike, kisha itazame jua likiwa limelala, asubuhi au alasiri, ili chembe zimeremete. Pitisha sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Chembe zinazoshikwa ni za chuma, kutoka kwenye ringi, slivu au gia. Zisizoshikwa, zenye rangi ya fedha au shaba, zinatoka kwenye metali na bushi. Chembe chache ni umri. Zikiwa nyingi, au zikiwa vipande unavyoweza kuvihisi kwa kidole, usiiwashe tena injini hiyo hata kwa kurudi bandarini ikiwa una tanga, kwa sababu kila dakika inayotembea inaichonga kranki ambayo bado ungeweza kuiokoa.

Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa ina maji, na ni lazima ujue ni maji gani. Maji baridi yanakupa siku chache. Maji ya chumvi hayakupi hata usiku mmoja, kwa kuwa kutu huanza kuila kranki na beringi mara tu injini inaposimama.

Injini ikishafunguliwa

Ukifika hapa una haki ya kufungua, na macho yako yaende kwenye vitu viwili: bloku na kranki. Vyengine vyote vinanunulika.

Kwenye bloku tafuta nyufa baina ya silinda na baina ya viti vya vali, na mashimo ya kutu pale slivu zinapokalia mipira yake. Injini yenye slivu zinazotoka ni rafiki wa mwenye chombo, kwa sababu unatia slivu, pistoni na ringi mpya na silinda inakuwa kama ilivyotoka kiwandani. Isiyo na slivu itabidi ichongwe na kutiwa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida kwa milimita 0.25 au 0.50, na ikiwa imeshachongwa mpaka mwisho wake, imekwisha. Injini iliyopozwa kwa maji ya bahari kwa miaka mingi naitazama kwa shaka zaidi, kwani kuta zake huliwa kutoka ndani mahali usipopaona, na nimeona ovaholi nzuri kabisa ikiharibika ndani ya msimu mmoja kwa sababu bloku ilitoboka.

Kranki ipitishie ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mstari, ichongwe, na metali za saizi ya chini zitafutwe kabla ya kuichonga, si baada. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona kranki imechongwa milimita 0.50 kisha ikagundulika kwamba metali za saizi hiyo hazipatikani kwa injini ile, na kranki ikabaki nguzo ya kufungia kamba.

Jihadhari na kazi ya nusu. Kutia ringi mpya kwenye silinda zilizochakaa hakushiki, na kujenga hedi mpya juu ya chini iliyochoka ni kushona kiraka kipya kwenye kanga kuukuu: kompresheni inapanda, na metali zilizokuwa zikivumilia zinaanza kunoki. Ikiwa presha ya oili ni nzuri na chujio ni safi, shughulikia sehemu ya juu peke yake kwa moyo mkunjufu. Ikiwa sivyo, usiguse juu bila ya chini.

Spea, fundi na hesabu

Uliza spea kabla ya kutoa injini. Mwenye injini ya aina inayotumika sana hapa, kama Yanmar ndogo au injini ya lori iliyogeuzwa kuwa ya baharini, ana nafasi ya kupata vitu mjini Unguja au kwa kuagiza Dar es Salaam, ambako karakana za kukereza na kuchonga ni nyingi zaidi. Mwenye injini isiyo na wenzake visiwani aijaalie kuwa ni yatima, na hata ikiwa ovaholi ni rahisi leo, gasketi ya mwakani itamlaza pwani mwezi mzima.

Hesabu ifanywe kwa saa za kazi, si kwa bei ya siku ile. Nitatumia tarakimu za mfano tu. Tuseme marekebisho madogo ni shilingi milioni 2 na yatakupa saa 400, ovaholi kamili ni milioni 10 na itakupa saa 4,000, na injini mpya, pamoja na kila kitu mpaka inatembea, ni milioni 24 na itakupa saa 8,000. Marekebisho yamekugharimu shilingi 5,000 kwa saa, ovaholi 2,500, na mpya 3,000. Sasa chukua ovaholi hiyo hiyo juu ya bloku iliyoliwa, ikupe saa 1,500 badala ya 4,000: imekuwa karibu shilingi 6,700 kwa saa, ghali kuliko zote. Ongeza na siku ambazo chombo kitalala bila ya kuvua. Chombo kinachotembea saa nne kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kinamaliza saa 1,000 kila mwaka, kwa hiyo tarakimu hizi ni miaka halisi ya maisha yako.

Lakini hesabu haitoshi bila ya bahari. Anayevua ndani ya mwamba, Chwaka au Uroa, injini ikizima ana pondo, ana nanga inayofika chini, na ana wenzake wanaomwona. Anayevuka baina ya Pemba na Tanga yuko juu ya kina cha mamia ya mita ambacho nanga yake haifiki chini, na mkondo unamchukua kaskazini. Injini moja, yenye vipimo vile vile, inaweza kuachwa mwaka mmoja zaidi kwa wa kwanza, na isikubaliwe hata safari moja kwa wa pili. Kwa chombo kinachochukua abiria mimi sina mjadala: shaka yoyote juu ya presha ya oili au kompresheni imalizwe kwa ovaholi kamili au injini nyengine, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar iarifiwe kuhusu badiliko kabla ya chombo kurudi kazini.

Ukiamua kubadilisha, usihesabu injini peke yake. Vitanda vyake juu ya mataruma vitahitaji kusogezwa, shafti ilinganishwe upya, giaboksi na propela vipatane, na bomba la moshi lipanuliwe. Wala usinunue nguvu za bure: mashua yenye urefu wa mita 10 kwenye mstari wa maji haitapita kirahisi maili 7 au 8 za baharini kwa saa, hata ukiitia injini mara mbili ya ile ya zamani, kwa sababu umbo lake la chini ndilo linaloizuia, na ziada yote itakuwa ni dizeli na mawimbi. Injini ndogo ya farasi 30 tayari inakunywa lita sita na zaidi kwa saa ikifunguliwa yote. Injini ya mtumba iliyotoka Dubai au Japani inaweza kuwa bahati nzuri, ila ipimwe kompresheni na kufunguliwa kifuniko cha oili mbele ya macho yako, ikiwa inawaka, na asiyekubali hayo usimpe pesa.

Panga kazi kwa msimu. Miezi ya masika na mwanzo wa kusi, vyombo vidogo vingi vinalala hata hivyo, na injini inaweza kukaa chini ya paa wiki kadhaa bila ya kukukosesha mapato makubwa. Usianze kaskazi inapopiga vizuri na samaki wapo.

Injini iliyojengwa upya isiachwe ikinguruma taratibu gatini kwa masaa, maana ringi mpya zinahitaji mzigo ili zikae kwenye silinda. Itoe baharini, ibadilishe mwendo mara kwa mara bila ya kuifungua yote, na baada ya saa 50 mwaga oili, badilisha chujio, kaza bolti za hedi kama kitabu kinavyoagiza na urekebishe nafasi za vali. Lile chujio la kwanza likate na ulikunjue juani kama nilivyoeleza. Litakuwa na chembe, na hilo ni la kawaida. La saa 250 ndilo linalopaswa kuwa safi.